Sajini Aliyekataa Kutia Sahihi

Jina analo, tena refu, la mababu watatu, na alipenda litajwe lote bila kukatwa. Mimi sitalitaja. Katika miaka yote niliyomfahamu Doha hakuna aliyelitumia, na nikilitumia leo nitajisikia kama namzungumzia mtu mwingine. Sisi walinzi tulimwita Sajini. Wanepali tuliofanya kazi nao walimwita Sajini, kwa lafudhi yao. Hata mudir wetu, yule meneja mkuu aliyekuwa hajui kama Kenya na Uganda ni nchi mbili au moja, alimwita Sarjin. Baadaye watu wa kwao walimwita Mheshimiwa kwa miaka mitano, kwa sababu walimchagua kuwa mwakilishi wao katika bunge la kaunti. Ninajivunia kwamba nilimjua kabla.

Nilifika Qatar miaka miwili hivi kabla ya Kenya kupata katiba mpya. Nilikuwa mmoja wa wasichana tisa tulioletwa kupekua mikoba ya wanawake kwenye milango ya duka kubwa la ghorofa tatu. Asubuhi ya kwanza tulipangwa mstari nje ya basi la kampuni, na huyo mwanamume mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kingo za bati, akapita mbele yetu akitazama buti, kola na kucha. Alipofika kwangu aliuliza jina. Nikamtajia la ubatizo.

"Hilo ni moja. Mengine umeyaacha uwanja wa ndege?"

Nikamtajia yote matatu.

"Vizuri. Huku watakuita Mafrika, watakuita sikuriti, watakuita wewe. Wewe mwenyewe usisahau unaitwa nani."

Alitufanyia hivyo sote tisa, na kufikia jioni alikuwa anayajua majina yetu ishirini na saba bila kusoma popote.

Alikuwa ametoka jeshini na cheo chake hicho, baada ya miaka zaidi ya ishirini katika kikosi cha wahandisi. Kazi yake ilikuwa madaraja: kuyajenga, na pale ilipobidi, kuyalipua. Aliwahi pia kupelekwa Afrika Magharibi na jeshi la kulinda amani, na huko alitegua mabomu ya ardhini. Hayo hakuyasimulia yeye. Tuliyapata kwa mwenzake wa zamani aliyekuwa akilinda hoteli moja upande wa ufukwe wa Doha. Yeye ukimuuliza habari za vita alijibu, "Tulichimba vyoo vingi sana," kisha akabadilisha mazungumzo.

Mwendo wake ulikuwa wa kupima. Kila alikokwenda alihesabu hatua. Alijua ni hatua ngapi kutoka mlango wa basi hadi lango la duka, na kutoka lango hadi chumba cha huduma ya kwanza. Tulimcheka kwa hilo, hadi siku moshi ulipotanda jikoni kwa wauza vyakula wa ghorofa ya pili. Taa zilizimika, na yeye akatuongoza sisi na wateja gizani kwa sauti tu: "Hatua kumi na mbili mbele, halafu kulia. Shikaneni mikono." Tulitoka wote nje wazima, na mama mmoja Mwarabu aliyekuwa na mapacha hakuuachia mkono wangu mpaka mumewe alipofika. Sajini aliandika ripoti ya mistari minne, akarudi kazini.

Lakini mtu huyu aliyetegua mabomu aliogopa ngazi za umeme. Duka lote lilikuwa na ngazi hizo zinazojisogeza zenyewe, na katika miaka yote aliyokuwa msimamizi wetu hakukanyaga hata moja. Alipanda kwa ngazi za zege za dharura, ghorofa tatu, mara kumi kwa siku. Tulipomtania alisema, "Ardhi ikianza kutembea yenyewe, mimi nashuka."

Na hicho hakikuwa kinyume chake pekee. Alikuwa mtu wa saa. Ukichelewa basi dakika mbili, ulilikuta limeondoka na yeye ndiye aliyemwambia dereva aondoke. Lakini ukimpa nafasi ya kuhutubia, saa ilikufa. Kila Ijumaa mchana, baada ya Waislamu kutoka msikitini na sisi Wakristo kurudi kutoka ibada, tulikuwa na mkutano wa Waafrika Mashariki kwenye ukumbi wa kulia chakula wa makazi yetu kule nje kidogo ya Al Wakrah. Sajini alisimama kusema neno moja la kufungua. Neno hilo lilianzia kwenye usafi wa mabafu, likapitia nidhamu ya majeshi ya kale, likagusa ugali usiosongwa vizuri, na wali ukapoa kwenye sahani. Kwenye karatasi alikuwa mfupi kama telegramu. Mdomoni hakuwa na breki.

Wanasiasa aliwachukia. Taarifa ya habari ya nyumbani ilipoletwa kwenye televisheni ya ukumbini, aliugeuza mgongo wa kiti chake ukaelekea skrini. "Hao ni watu wa domo," alisema. "Wanakata utepe wa kitu ambacho hawakubeba hata tofali lake moja."

Kwa jambo moja hakuwa na kinyume. Alikuwa na msemo ambao aliutoa kwa kila mlinzi mpya pamoja na kitabu cha matukio: "Usiandike usichokiona. Ukikiona, kiandike." Wengi tuliuchukulia kama maneno ya kazi tu. Nilikuja kuujua uzito wake mwezi wa Agosti wa mwaka wangu wa pili, na siku hiyo mimi mwenyewe nilishindwa kuubeba.

Kulikuwa na Mganda aliyeitwa Mugisha, kijana mpole, mwembamba, ambaye alipangiwa kulinda uwanja wa magari nyuma ya duka. Lindo lile halikuwa na kivuli. Agosti ya Doha haikuchomi kwa jua peke yake. Hewa yenyewe hulowa, shati likang'ang'ania mwilini, na pumzi unayoivuta inakuwa kama ya mvuke wa sufuria. Walinzi walisimama pale saa nne mfululizo. Mlango wangu wa kupekulia mikoba ulikuwa wa vioo na ulielekea pale pale.

Saa sita na nusu nilimwona Mugisha akiinua mkono kama anayetaka kumwita mtu. Kisha magoti yakalegea, akaanguka kati ya magari mawili. Nilipiga kelele. Wenzake wawili wakamkimbilia, Sajini akaja mbio, wakamwagia maji, gari la wagonjwa likafika. Alipona. Alilazwa siku tatu na kurudi akiwa ametokwa na ngozi midomoni.

Kesho yake mkuu wa zamu, mtu wa ofisini, alileta ripoti iliyokwisha andikwa. Ilisema mlinzi alikutwa amelala lindoni. Kwa maneno hayo Mugisha angerudishwa kwao siku hiyo hiyo atakayotoka hospitali, na lindo lingebaki vile vile. Ilikosa kitu kimoja tu: sahihi ya Sajini.

Sajini aliisoma amesimama. Akairudisha mezani.

"Hii siwezi kuitia sahihi."

"Kwa nini? Ni utaratibu tu."

"Kwa sababu sikumwona amelala. Nilimwona ameanguka."

Nilikuwa mlangoni mwa ofisi ile, nimekuja kuchukua funguo, ndiyo maana nayajua maneno hayo. Sajini alinikuta nje. Akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili, "Wewe lindo lako linatazama kule. Ulimwona akianguka?"

Kila mtu ana siku ambayo angeomba irudishwe. Yangu ni hiyo. Mkuu wa zamu alikuwa ametoka nyuma yake na ananitazama. Nyumbani kulikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu shuleni, na mimi ndiye niliyekuwa tegemeo lao. Nikasema, "Hapana, Sajini. Nilikuwa napekua mkoba."

Alinitazama kidogo tu. Hakukunja uso.

"Sawa, askari. Rudi lindoni."

Aliandika ripoti yake peke yake. Nilikuja kuiona baadaye, nakala yake ilibandikwa kwenye faili la duka. Ilisema alimkuta Mugisha chini, ngozi kavu na ya moto, hajitambui. Haikusema hata neno moja kuhusu namna alivyoanguka, kwa kuwa yeye hakuiona. Mtu mwingine angeongeza chumvi kidogo kumwokoa rafiki. Yeye hakuongeza, na kwa sababu hiyo ripoti ikawa nyepesi, na mkuu wa zamu akaicheka.

Basi Sajini akafanya jambo lake. Siku ya mapumziko yake alivaa sare kamili, akaenda kusimama kwenye lindo lile lisilo na kivuli, kuanzia saa sita hadi saa kumi. Hakuzuia mtu kazi. Alisimama tu kando ya mlinzi wa zamu. Siku ya pili alitumia saa zake za chakula kusimama pale. Siku ya tatu wateja wakaanza kuulizana huyu mzee ana nini, na mama mmoja akamtumia maji kwa mkono wa dereva wake. Hapo ndipo mudir mwenyewe aliposhuka, amevaa kanzu nyeupe, miwani myeusi, uso una hasira.

"Sarjin, unataka nini?"

"Nataka usimame hapa na mimi robo saa, bwana."

Mudir akasimama. Nadhani alisimama kwa ubishi. Sisi mlangoni tulibana nyuso kwenye kioo. Dakika ya saba alivua miwani akaifuta. Dakika ya kumi kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. Hakufikisha robo saa.

"Khalas," alisema, yaani basi, yatosha.

"Jua halina cheo, bwana," Sajini akamjibu.

Ndani ya wiki moja kibanda chenye feni kiliwekwa, na zamu za pale zikawa za saa moja moja. Mugisha alibaki kazini. Lakini ofisi haikupenda kurukwa. Mwisho wa mwezi Sajini alivuliwa usimamizi na kupelekwa kulinda lango la ghala, mbali, kule kwenye eneo la viwanda. Aliondoka na begi moja. Kabla hajapanda gari alitupanga gwaride la mwisho, akatazama kucha zetu, akasema, "Sina hotuba leo." Tulijua basi kwamba ameumia.

Mimi sikuweza kumtazama.

Alilinda ghala lile miaka mitatu. Ijumaa alikuja Al Wakrah kwenye mkutano, amevaa shati lake lenye kingo, na watu walizidi kumletea mambo yao: barua ya kuandikiwa ofisi, ugomvi wa vyumbani, msichana wa kazi za nyumbani asiyeruhusiwa simu. Alisikiliza, akauliza aliyeona ni nani, akaandika. Mwezi wa Ramadhani hakunywa maji mbele ya Waislamu tuliopanda nao basi, ingawa hakuna aliyemwomba. Aliwakaripia walevi na kisha akawapikia uji asubuhi. Uji wake ulikuwa mbaya.

Kisha siku moja akatutangazia, baada ya hotuba iliyozunguka dunia nzima, kwamba anarudi nyumbani. Kaunti zilikuwa zinakaribia kufanya uchaguzi wao wa kwanza na wazee wa wadi yao walikuwa wamempigia simu.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mugisha, ambaye siasa za Kenya hazikumhusu hata kidogo, ndiye aliyeuliza: "Lakini Sajini, si ulisema wanasiasa ni watu wa domo?"

"Nilisema. Na domo mnajua ninalo."

Tulimsindikiza uwanja wa ndege watu kumi na mmoja. Alipanda kwa ngazi za kawaida, akibeba begi lake.

Kampeni yake tuliifuata kwenye simu. Hakuwa na gari la vipaza sauti. Alitembea kijiji hadi kijiji kwa buti zake za jeshi na aliahidi kitu kimoja tu: daraja la miguu. Katika wadi yao kuna mto ambao wakati wa mvua hutenganisha vijiji vinne na shule, zahanati na soko. Wapinzani wake waliahidi barabara, umeme, uwanja wa michezo, chuo. Katika mkutano mmoja mtu alimpigia kelele, "Daraja moja tu, mzee?" Akajibu, "Moja lililosimama. Haya mengine mmeahidiwa tangu mkiwa watoto, mnayavuka wapi?"

Siku ya matokeo ilikuwa siku ya kazi. Niliingia chooni na simu mara sita. Fomu zilipigwa picha na kutumwa moja moja, na kituo cha mwisho kilipoingia, binti mmoja wa Kisii aliyekuwa mlango wa pili alipiga kigelegele katikati ya duka, mbele ya wateja. Msimamizi akaja mbio kuuliza kumetokea nini. "Sajini wetu ameingia bunge," nikamwambia. Na yule msimamizi, Mnepali, akavua kofia.

Bungeni alikuwa kama alivyokuwa kwetu. Alifika kabla ya walinzi kufungua lango. Kitabu cha Kanuni za Kudumu, zile sheria za kuendesha vikao, alikishika kwa moyo. Alinipigia simu wiki zake za kwanza akicheka: "Jeshini tulikuwa na kanuni za kudumu, na huku zipo. Tofauti ni kwamba jeshini ukizivunja unakimbizwa uwanja mzima. Huku unapigiwa makofi." Hotuba zake zilikuwa ndefu mno mpaka spika akawa anamkatia kipaza sauti. Wenzake walimpa jina la utani, Saa Mbovu. Hata hivyo alisukuma hoja ya kila soko la kaunti kuwa na kivuli na maji ya kunywa, na hoja ikapita. Aliponitumia habari hizo aliandika mstari mmoja: "Masoko sasa yana kivuli. Mwambie Mugisha."

Kisha likaja la daraja. Lilipitishwa, likapewa mkandarasi, na miezi ikapita. Sajini alikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Siku moja kamati ikaletewa ripoti kwamba daraja limekamilika. Wajumbe wote walikwisha tia sahihi. Lilibaki jina lake.

Aliwaomba jambo moja: twendeni tukalione. Wakakataa, wakasema njia ni mbovu. Akaenda mwenyewe na mwalimu mmoja wa shule ile, na mwalimu akamrekodi kwa simu. Video hiyo ilitufikia Doha kabla hata haijasambaa kwao. Sajini amesimama ukingoni mwa mto, maji ya kahawia yanapita, upande wa pili mama amebeba mtoto mgongoni anasubiri maji yapungue. Kwenye ukingo kuna nguzo mbili za zege na nondo zilizoanza kushika kutu. Hakuna kingine. Sajini anapima kwa hatua mpaka maji yanapomfika magotini, anasimama, anageuka.

Wiki iliyofuata alisimama bungeni. "Bwana Spika," alisema, "mimi nimejenga madaraja na nimelipua madaraja. Nimevuka ya chuma, ya magogo na ya kamba. Sijawahi kuvuka daraja la karatasi, na leo siwezi kuwaambia watu wangu wajaribu."

Bunge likawa vurugu. Aliamriwa aketi, hakuketi. Aliamriwa atoke. Akapiga saluti kwa spika, akageuka nyuma kijeshi, akatoka kwa mwendo wa pole mpaka mlangoni. Sisi tulikuwa tumekusanyika ukumbini Al Wakrah, Ijumaa, tunaitazama video ya kikao kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Kisha Mugisha akasimama, akakaa, akasimama tena, machozi yanamtiririka, akasema, "Huyo ndiye. Nyabo, huyo ndiye." Alikuwa akiniambia mimi; nyabo kwao ni bibie. Nikatikisa kichwa nikatoka nje, kwa maana kila mara alipoeleza watu namna Sajini alivyomwokoa, hakujua kwamba nami nilikuwa na nafasi ya kumwokoa.

Kelele zile zilifanya kazi. Mkandarasi alirudishwa, na mwaka uliofuata daraja likajengwa kweli, la chuma, lenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Sajini alikwisha tolewa kwenye kamati. Siku ya uzinduzi hakualikwa, mwingine ndiye aliyekata utepe. Na uchaguzi ulipokaribia, chama kikampa tiketi mtu mwingine. Aligombea bila chama, akashindwa. Alinitumia ujumbe: "Wameamua. Ni haki yao." Baada ya hapo simu yake haikupatikana, na kwa karibu miaka miwili sikujua alipo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka ulinzini. Nilikuwa nimesoma kozi, nikawa mpokeaji wagonjwa kwenye kliniki moja ya meno Al Wakrah. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa imefunguliwa mwaka huo, na mji ulionekana mwingine. Ijumaa moja saa tisa mchana nilikwenda Al Wukair kumtembelea rafiki yangu, muuguzi kutoka Nyeri, aliyejifungua mtoto wa kike. Alikaa kwenye nyumba zilizozungushiwa ukuta, zenye lango moja na mlinzi.

Mlinzi alikuwa amenipa mgongo, anaandika namba ya gari. Nilimjua kwa mikunjo ya shati.

"Sajini?"

Aligeuka. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alinitazama, akataja majina yangu yote matatu, kwa mpangilio.

Sikujua nicheke au nilie. Mtu aliyekaa kwenye viti vyekundu vya bunge alikuwa amesimama mbele yangu na filimbi shingoni. Nadhani uso wangu ulisema hivyo, maana alinikatisha kabla sijafungua mdomo.

"Usinihurumie. Kule walinituma nikaseme, nikasema. Wakataka mwingine, wakamchukua. Hapa nimeajiriwa kuangalia lango, naangalia."

"Na watu hapa wanajua wewe ni nani?"

"Wanajua mimi ni mlinzi wao. Wanahitaji kujua nini zaidi?"

Nikamuuliza kuhusu daraja. Uso ukafunguka wote. Alinisimulia kwamba siku iliyofuata ule uzinduzi alikwenda alfajiri, akalivuka akihesabu, akarudi akihesabu. "Hatua sitini na moja. Bolti tatu zilikuwa zimelegea. Nikaandika barua, zikakazwa. Watoto wanapita bila kuvua viatu." Alisema hilo la viatu mara mbili.

Gari likaja, akalikagua, akalipitisha. Nilibaki kwenye kivuli cha ukuta. Aliporudi nikamwambia.

"Sajini, siku ile ya Mugisha niliona. Nilimwona akiinua mkono, nikamwona akianguka. Nilikudanganya."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyekupanga pale. Na kelele ya kwanza ilikuwa yako."

"Mbona hukunilazimisha?"

"Ushahidi wa kulazimisha ni amri, si ushahidi." Akafuta kalamu kwa kidole. "Ulikuwa na watu wanaokutegemea. Nami nilikuwa nao. Kila mtu anapima mto wake."

"Ulishushwa cheo kwa ajili yangu."

"Nilishushwa kwa ajili yangu. Usinipunguzie." Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umechelewa miaka kumi, askari. Lakini umefika."

Nilifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikauliza kama ninaweza kuingia sasa, rafiki yangu ananingoja na chakula kinapoa.

"Bataka," alisema, na kunyoosha mkono. Ndivyo tunavyokiita hapa kitambulisho cha ukaazi.

Nikafungua mkoba. Sikukikuta. Nilikuwa nimekiacha kwenye mkoba wa kazini, nyumbani Al Wakrah.

"Sajini, wewe unanijua. Umetaja majina yangu yote."

"Nakujua. Kitabu hakikujui. Nenda ukailete."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilichukua teksi mpaka Al Wakrah, nikapanda ghorofa nne, nikarudi. Dereva, Mganda kama Mugisha, aliniuliza mbona nacheka peke yangu, nikashindwa kumweleza.

Niliporudi lango lilikuwa na foleni. Nilisimama mbele ya gari kubwa jeusi, nikampa Sajini kitambulisho changu kwa mikono miwili. Alikichukua. Akakitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena, kana kwamba hatujawahi kuonana duniani. Kisha akainama kwenye kitabu na kuanza kuandika jina langu kwa herufi zake za kusimama wima, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Dereva wa lile gari jeusi, Mkenya kwa lafudhi, akapiga honi. Akapiga tena. Akatoa kichwa dirishani.

"Dada, mwambie huyo sikuriti afanye haraka, bana!"

Nikageuka nikamtazama.

"Tulia, kaka," nikamwambia. "Mheshimiwa anaandika."